Mkono wa Kushoto wa Kanyiva

Nimechoka. Naanza na hilo ndio Mwalimu Gedion ajue anasumbua nani. Alikuja hapa kwangu Ikutha na pikipiki, akakunywa chai yangu mpaka birika likalia, ndipo akasema shule yao ya mji wa Wote inatengeneza kitabu cha watu wa pande zote mbili za mto Athi, wa Kitui na wa Makueni. Ati mimi niandike habari ya mjukuu wangu Kanyiva, bingwa wa kuogelea. Nikamwambia, si umuulize mwenyewe, yuko hapo ndani amelala.

"Nimemuuliza, Susu," akasema. Huku watoto wote wananiita Susu, nyanya, hata wale wenye mvi. "Amesema nikuulize wewe."

Mnaona hiyo? Kuogelea aogelee yeye, kuandika niandike mimi. Na kusoma nilijifunzia ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa nimeshazika mume. Sawa. Nitaandika. Lakini nisiharakishwe, na hakuna mtu wa kunirekebisha, kwa sababu nilikuwa hapo na nyinyi hamkuwa.

Kwanza mjue kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa mkono.

Kabla hawajatujengea daraja kulikuwa na drifti tu, ile simiti ya chini. Mto ukijaa, drifti inafunikwa. Mtu wa Kitui anabaki Kitui na wa Makueni anabaki Makueni, hata kama ng'ambo kuna maiti inamngoja azike. Hapo ndipo mlikuwa mnanitafuta mimi Kalekye. Nilikuwa na tyubu ya lori, ya gurudumu la nyuma, nimeifunga kamba ya katani. Mzigo unakaa juu ya tyubu: gunia, mbuzi amefungwa miguu, mama mwenye mimba, na siku moja mchungaji mzima na Biblia yake kichwani, macho amefunga. Mimi niko majini. Mkono wa kushoto umeshika tyubu, wa kulia unavuta maji, na miguu inapiga kama ya chura, chini kwa chini, bila kelele. Ukipigapiga maji juu, mamba anafikiri ni ndama. Kichwa kiko nje saa zote uone magogo yanayokuja.

Ng'ambo kulikuwa na mkuyu, mizizi yake imening'inia ukingoni. Unafika umekwisha, pumzi hakuna. Mkono wa kulia unashika mzizi. Wa kushoto hauachi tyubu. Gogo likugonge, maji yakuingie puani, wa kushoto hauachi. Mimi sikupoteza mtu. Hata kuku sikupoteza. Ulizeni.

Kanyiva ni mtoto wa binti yangu Muthoki, ambaye alienda kazi Mombasa akaniachia mtoto hajaanza shule. Mtoto akanifuata mtoni kila siku kama mbwa. Ningemfunga wapi? Nikamfundisha. Nilianza naye kiangazi, kwa yale madimbwi yanayobaki, mpaka miguu ikajua. Halafu nikampa tyubu ya baiskeli na kuku mmoja juu yake. Kuku alipiga kelele mpaka Makueni. Mimi nimesimama huku napiga kelele zangu.

"Wa kushoto uko wapi?"

"Uko na kuku, Susu!"

Hiyo ikawa salamu yetu. Hata akiwa shambani anapalilia namuuliza wa kushoto uko wapi, ananiambia uko na jembe.

Alipokuwa msichana mkubwa wa darasa la mwisho, mto ulijaa ghafla ukafungia watu wa matanga upande wetu. Mmoja alikuwa Mwalimu Nzilani, mwalimu wa michezo wa hiyo shule ya Wote, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni hata akiwa matangani. Mimi siku hiyo mgongo ulikuwa umenishika. Nikamwambia Kanyiva amvushe. Nzilani akaniangalia kama nimetukana.

"Huyu mtoto?"

"Unataka kuvuka ama unataka kuangalia cheti?"

Akapanda tyubu. Wakavuka. Nikaona huko ng'ambo Nzilani haondoki ukingoni aende zake, amesimama kwa matope na viatu vyake vya matanga, anamwambia Kanyiva aingie majini tena, atoke, aingie tena. Maji yalipopungua akarudi kunitafuta.

"Nani alimfundisha kupiga miguu namna hiyo?"

"Mimi."

"Kuna watu wanafundishwa miaka wakiwa na bwawa, na hawana hiyo miguu. Nipe huyu mtoto, Mama. Shule itamchukua."

Nikampa. Si kwamba sikutaka wa kunisaidia mtoni. Lakini nilijua daraja linakuja, watu walikuwa wameshapima, na nilikuwa nimeanza kuchoka. Namna ile nyingine ya kuchoka, ya kuamka nayo.

Huko Wote wakampa bwawa. Ile namna yetu ya kuvuka ikapewa jina, wakaiita mtindo wa kifua. Kumbe kuna mitindo mingine, ya kulala chali na ya kupiga maji kama umepandwa na wazimu. Yeye wakamwachia huo wetu. Lakini Nzilani akataka atie uso ndani ya maji, na wakakosana hapo muhula mzima.

"Nikitia uso ndani, mamba nitamwona aje?"

"Kwa bwawa hakuna mamba, Kanyiva."

"Wewe umeangalia?"

Mwishowe akatia uso. Kanisani nako kukawa na maneno, kwa sababu picha ilitoka na nguo ya kuogelea haifuniki mapaja. Akina mama wakaniita kando baada ya ibada. Nikawaambia mapaja ndiyo yanaogelea, wakitaka aogelee na leso waje wamfundishe wao. Hiyo ikaisha. Mimi sipendi maneno marefu.

Kanyiva mwenyewe alitaka kitu kimoja, na alikuwa ananiambia kila likizo akiniosha mgongo. Alitaka kuwa bingwa wa Kenya wa mita mia za kifua. Bingwa bila "lakini." Nikamuuliza "lakini" gani. Akasema wasichana wenzake, hata akiwashinda, wanasema lakini huyo ni wa mtoni, lakini huyo hana adabu ya bwawa. Alitaka siku moja wakose la kuongeza.

Basi wakamwingiza mashindano ya taifa Nairobi, na Nzilani akanipeleka nikaone. Nikaketi kwa viti vya simiti na kiondo changu. Maji mengi hivyo, safi mpaka unaona mistari chini, na hakuna hata mtu mmoja anachota. Nilikaa nikiyaangalia kwa uchungu.

Kengele ikalia, wakaruka. Nilimjua kwa kile kichwa chake, kinatoka na kuingia. Walienda mpaka mwisho, wakagusa ukuta, wakageuka. Kurudi alikuwa mbele. Mtu wa pili alikuwa miguuni pake. Nikasimama. Nilikuwa napiga kelele kwa Kikamba na watu wa mbele yangu wananigeukia. Akafika. Wa kwanza, hata kipofu angeona. Lakini mama mmoja wa nguo nyeupe aliyesimama pale ukutani akainua mkono juu, akaandika kitu.

Matokeo yakasomwa kwa kipaza sauti. Jina la kwanza halikuwa la Kanyiva. La pili halikuwa, wala la tatu. Nikashuka zile ngazi, mlinzi akinizuia nikampita. Kanyiva alikuwa amekaa chini na taulo kichwani.

"Wamenifuta, Susu."

"Umefanya nini?"

Akainua mkono wa kushoto akaniangalia tu.

Nikamwendea yule mama wa nguo nyeupe. "Mjukuu wangu amefika wa kwanza."

"Ni kweli, Mama. Lakini amegusa na mkono mmoja. Huu mtindo sheria yake ni mikono miwili, iguse pamoja."

"Na mzigo nani atashika?"

"Mzigo gani?"

"Ukigusa na yote miwili, mzigo umeuacha kwa maji. Nani atashika?"

Watu wakacheka. Hata Nzilani aligeuka akakohoa. Yule mama hakucheka, namshukuru kwa hilo, akasema, "Mama, hapa hakuna mzigo." Mimi nilikuwa nimeshaelewa kabla hajamaliza. Pale kwa kugeuka Kanyiva aligusa vizuri, mikono yote, kwa sababu kugeuka hujafika. Lakini alipofika, na amechoka, mwili wake ulifika Makueni. Wa kulia ukashika mzizi. Wa kushoto ukabaki nyuma na kuku.

Habari ilifika Ikutha kabla yetu, na aliyeieneza ni Kiilu. Kiilu ananunua ndengu na ana duka pale sokoni, na mdomo wake ni mkubwa kuliko duka. Kwanza alisema Kanyiva amefutwa kwa sababu alidanganya. Nilimwendea na bakora. Akabadilisha.

"Sawa, hakudanganya! Aliogelea na mkono mmoja! Si ni vizuri? Bingwa wa mkono mmoja!"

Basi wakamwita hivyo. Mkono Mmoja. Watoto wa shule, watu wa bodaboda, mpaka mwenye kusaga unga. "Mkono Mmoja anarudi lini?" Yaani alitoka hapa akitafuta jina lisilo na lakini, akarudishiwa jina ambalo ni lakini yenyewe.

Nzilani alihangaika na huo mkono. Alimwimbia, alimpigia filimbi, alisimama ukutani na fimbo. Akiwa hajachoka anagusa sawa kabisa. Akichoka, pale mwisho pumzi ikiisha, wa kushoto unabaki nyuma. Akafutwa tena, mashindano ya shule safari hii, mbele ya wenzake. Likizo ya Aprili akaja nyumbani akatupa begi kitandani.

"Sirudi."

"Kwa nini?"

"Huu mkono ni wako, Susu. Si wangu. Uchukue."

Huo mkono umevusha watu. Siwezi kuambiwa na mtu niuombee msamaha. Lakini nililala nikiufikiria, na asubuhi mvua ilikuwa imenyesha juu huko, mto umejaa rangi ya chai, na Kiilu amesimama mlangoni kwangu na uso wa kuomba. Alikuwa na gunia la ndengu linalongojwa Makueni.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa hata Nzilani hakuwepo.

Mto ukijaa sana, pale kwa mkuyu hapafikiki, maji yanapita kwa nguvu. Unaachilia mto ukushushe mpaka kwa mwamba, jiwe kubwa jeusi la upande wa Makueni. Hilo halina mzizi wala pa kushika, na tope limelipaka mafuta. Ukilishika na mkono mmoja unateleza, unapinduka, unapita. Ni lazima mikono yote miwili ifike pamoja, viganja wazi, halafu kifua kifuate. Na mzigo? Mzigo siku hiyo unafungwa kamba kiunoni. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na mama wa mume wangu. Kanyiva sikuwa nimemwonyesha, kwa sababu hapo si pa mtoto. Lakini sasa alikuwa mtu mzima wa kususa, basi na mwamba anauweza.

Nikafunga gunia juu ya tyubu, nikafunga kamba ya tyubu kiunoni kwake. Kiilu akaona.

"Kalekye, ni yeye atalivusha? Mkono Mmoja?"

"Ni yeye."

"Akiachilia, ndengu zangu zinaenda na mto mpaka Malindi!"

"Basi watu wa Malindi watakula vizuri."

Tukaingia, yeye mbele na gunia, mimi nyuma yake. Mto ukatushusha. Mwamba ukaja. Nikamwona amekwisha pumzi, nikaona bega la kushoto linabaki nyuma linatafuta tyubu, kama nilivyojua. Wa kulia ukagonga jiwe, ukateleza, akapinduka, akapita na gunia lake. Chini ya mwamba maji yanatulia. Nikamkamatia hapo kwa nywele. Tukatoka tumejaa tope, pembe moja ya gunia imelowa.

Akakohoa akamaliza. Nikamwambia, "Tunapanda juu, tunaingia tena."

Tukabeba tyubu na gunia kwa ukingo wa Makueni mpaka juu. Kiilu kutoka Kitui akaona gunia lake, ambalo limeshafika salama, linarudishwa majini. Ile sauti nilikuwa sijawahi kuisikia kwa mwanamume.

"Kalekye! Limefika! Limeshafika! Mnalipeleka wapi?"

Nilimwambia Kanyiva, "Kamba iko kiunoni. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Gunia litaenda wapi bila wewe?"

"Haliendi."

"Basi mkono unashika nini?"

Tukaingia. Akateleza tena. Tukapanda tena, na Kiilu safari hii alikuwa amekaa chini ameshika kichwa. Nilikuwa nimechoka, mimi mwanamke wa umri ule, na sikumwonyesha. Tukaingia. Mwamba ukaja. Yeye pumzi hana, hata midomo imekuwa ya kijivu. Nikapiga kelele, "Wa kushoto uko wapi?"

Ule mkono ulitoka kwa maji pamoja na mwenzake, viganja viwili vikapiga jiwe, paa, na kifua kikafuata. Akalala pale juu ya mwamba kama mjusi. Gunia likaja lenyewe nyuma yake, polepole, likagonga miguu yake likatulia.

Mpaka likizo inaisha tulikuwa kwa mwamba. Mizigo ya watu haikukosekana, mvua ilikuwa nyingi.

Mwaka uliofuata akashinda. Sikuenda, mgongo ulikataa safari. Alipiga simu. Nilisikia kelele za watu nyuma yake, na yeye sauti yake ndogo.

"Susu, ilifika yote."

"Yote miwili?"

"Yote."

Nikakaa chini hapo hapo kwa majani.

Mwalimu Gedion anataka niandike sana hapa, ubingwa na medali. Alikuwa bingwa wa kifua miaka mingi, mpaka wale aliowashinda wakaolewa na kuacha. Timu ya wafanyakazi ya Nairobi ilimchukua. Alipelekwa Kampala, Dar es Salaam, na nchi moja ya mbali ambako maji ya kuogelea yanapashwa moto. Nikauliza, wanapasha na kuni gani? Yale mashindano makubwa kabisa ya dunia hakufika. Alikosa kwa muda wa kupepesa jicho, na miaka minne baadaye akakosa tena. Huwa hasemi habari yake na mimi simwulizi.

Ninachojua mimi ni kile alichokuwa akirudi nacho Krismasi. Nywele zimekuwa rangi ya katani kwa ile dawa ya bwawa. Macho mekundu mpaka wa kanisani wakafikiri anakunywa. Usingizi. Alikuwa analala kama mtu aliyepigwa, anaamka kula, analala. Huko Nairobi anaingia majini kabla jua halijatoka, anatoka, anaenda kazi, anarudi majini. Nilikuwa nafikiri nimemtoa mtoni apumzike. Kumbe mto wetu ulikuwa na kiangazi, wake haukuwa nacho.

Na huku sokoni aliendelea kuwa Mkono Mmoja. Ameshinda, ameandikwa gazetini, Kiilu ananiuzia chumvi anauliza, "Mkono Mmoja hajambo?" Jina likishika Ikutha halitoki.

Halafu yakaja magoti. Ile miguu ya chura inafungua goti kwa ndani, kila siku, miaka yote. Krismasi moja alishuka kwa bodaboda akisaidiwa. Tukapanda njia ya nyumbani, mimi na fimbo yangu na yeye amenishika bega, na hakuna aliyemtangulia mwenzake. Daktari wa Kitui akaangalia picha, akasema huko ndani kumesagika kama kamba iliyopita sana kwa jiwe. Aache. Asipoacha, hata kutembea kutamshinda.

Akasema ataacha baada ya shindano moja. Nikamwambia asiende. Tulikuwa tunachambua mbaazi.

"Kiti cha bingwa kimeshakaliwa, Kanyiva. Kuna watoto huko. Unatafuta nini?"

"Nimalize mwenyewe. Sitaki kumalizwa na daktari."

"Hayo magoti yatakuishia katikati. Na wewe ukiisha nguvu kabisa, huo mkono utarudi nyuma. Nakujua."

"Najua unajua. Hiyo ndiyo mnayoingoja."

"Nani anaingoja?"

"Kiilu," akasema. Akachambua kidogo. "Na wewe."

Akaenda. Ubishi aliutoa wapi, msiniulize.

Siku yenyewe Kiilu alinitumia mtu aniite dukani. Mashindano yalikuwa yanaonyeshwa kwa simu, na simu yake ni kubwa. Aliisimamisha juu ya mfuko wa sukari, akaniwekea kiti, na watu wa soko wakajaa mlangoni. Daraja lilikuwa limeshajengwa zamani, malori yanapita, na mimi pale sikuwa mvushaji wa mtu yeyote tena. Nilikuwa bibi kizee na kiondo.

Wakaruka. Kwenda alikuwa na wenzake. Kwa kugeuka alichelewa. Kurudi, katikati, nikaona mguu mmoja umekataa. Unapiga mmoja, mwingine unaburutwa. Wakampita wote, wale watoto. Wakafika, wakashangilia, wakatoa kofia zao, wanapumua wameegemea kamba. Kwa yale maji yote akabaki yeye peke yake na kichwa chake kinatoka na kuingia, kinatoka na kuingia.

"Si asimame tu," mtu mmoja akasema mlangoni.

"Nyamaza," Kiilu akamwambia.

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Nilikuwa naona bega. Lile bega la kushoto, nalijua kuliko langu, lilikuwa linaanza kubaki nyuma. Hakuna aliyejali, alikuwa wa mwisho, hata wangemfuta wangemfutia nini? Yeye alikuwa anajua. Na mimi. Na huyo mwanamume wa ndengu. Nikapigia simu kelele kama mwendawazimu.

"Wa kushoto uko wapi?"

Akafika ukutani. Viganja viwili, wazi, pamoja, kama kwa mwamba. Halafu kifua. Halafu akaweka paji la uso kwa ukuta akakaa hivyo, hatoki.

Yule wa nguo nyeupe alikuwa amesimama pale juu yake. Hakuinua mkono.

Kiilu alichukua simu akaifuta na shati, sijui alikuwa anafuta nini.

"Zote mbili," akasema. "Kalekye, mmeona? Zote mbili." Akawageukia wale wa mlangoni kama amegombana nao. "Zote mbili! Nani alisema moja?"

Walikuwa wanamjua.

Sasa yuko nyumbani. Ndiyo huyo amelala. Watoto wanakuja kuuliza atawafundisha lini, anawaambia magoti yakikubali kuteremka mtoni. Medali nimezitia kwa kibuyu cha mbegu, panya wasiguse kamba zake. Juzi Kiilu alipita na mkokoteni akaita nje, "Mkono M—" akajimeza, akaita, "Kanyiva!" Nikasikia yeye anacheka huko ndani. Ni miaka mingi sijamsikia akicheka akiwa kitandani.

Hiyo ndiyo habari. Mwalimu Gedion, umeipata, na kalamu yako imeisha wino.

Lakini nyinyi mnaosoma msifunge kitabu mkaenda. Nyumba ya bingwa wa maji haina maji. Kisima kiko chini kule bondeni, na ile njia ya kupanda mimi siiwezi tena, na magoti yake nimewaambia. Siku hizi zote nimekuwa naandika na mtungi ni mkavu. Kwa hivyo wewe uliyefika hapa, uwe wa Kitui au wa Makueni, daraja lipo, hakuna kisingizio. Kuja. Na usije na jerikeni moja halafu mkono mwingine umeshika simu. Kuja na mbili, na uzijaze.